Wasomaji Wanauliza: Baiskeli, Vilima na Vijiji vya Kale vya Ufaransa

Barua nne za toleo hili zinahusu safari ya aina moja, ingawa walioziandika hawajuani. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa, kwa sababu ndani yake mna maswali ambayo wenzake wameyagusa kwa mbali tu.

SWALI: Assalamu alaykum. Mimi ni mwalimu wa skuli ya sekondari hapa Wete, Pemba, na kwa miaka 20 sasa nakwenda kazini kwa baiskeli yangu ya Phoenix. Panapo majaaliwa, mwezi wa Juni mimi na mwalimu mwenzangu tunakusudia kwenda Ufaransa kwa wiki tatu, tuzunguke kwa baiskeli katika vijiji vya kale, kwani nasomesha historia na nimechoka kuvieleza vita vya Waingereza na Wafaransa kwa michoro ya kitabuni. Watu wanatutisha kwamba nchi ile ina vilima. Sisi Wapemba vilima ndiyo barabara zetu, basi vya huko vina tofauti gani na vyetu? Je, niichukue baiskeli yangu au nikodi huko? Na tuanzie wapi?
Mwalimu, Wete

JIBU: Wa alaykum salaam, Maalim. Naanza na vilima, maana majibu yako mengine yote yanatoka humo.

Kilima cha Pemba ni kifupi. Ukitoka Chake kwenda Wete kwa barabara ya zamani, unateremka bondeni baina ya mikarafuu na migomba, ile kasi ya mteremko inakusukuma hadi nusu ya kilima cha mbele, na nusu iliyobaki unaimaliza kwa kusimama juu ya pedeli au kwa kushuka na kusukuma. Kilima kinakwisha kabla ya pumzi. Katika bonde la mto Dordogne, kusini-magharibi ya Ufaransa, ambako ndiko ninakokushauri uende, mambo ni kinyume: mto uko chini, kijiji kiko juu, na baina yao hakuna mteremko wa kukuazima kasi. Chukua mfano wa Domme, ambao uko juu ya jabali kiasi cha mita 150 kutoka mtoni. Kwa mwinuko wa asilimia 10, yaani kila mita 100 za barabara zinakupandisha mita 10, hizo mita 150 ni kilomita moja na nusu ya kupanda bila pa kupumzikia, na nyuma ya tandiko una mizigo ya kilo 15.

Wewe ni mwalimu wa historia, kwa hiyo utaona haraka kwamba kilima hicho hakikutokea njiani kwa bahati mbaya. Domme ulianzishwa mwaka 1281 na mfalme Philippe wa Tatu wa Ufaransa, ili kuulinda upande wake wa bonde. Mwaka 1284 Edward wa Kwanza wa Uingereza, ambaye alikuwa pia mtawala wa Aquitaine, jimbo la kusini-magharibi ya Ufaransa, alianzisha Monpazier, mji wenye mitaa iliyonyooka kama ubao wa bao na uwanja wa soko katikati. Ilipokuja ile Vita ya Miaka Mia, kuanzia 1337 hadi 1453, mto Dordogne ulikuwa kwa vipindi virefu kama mpaka, na hadi leo ngome ya Beynac, iliyokuwa upande wa Wafaransa, inatazamana ng'ambo ya maji na ngome ya Castelnaud, ambayo mara kadhaa ilikuwa mikononi mwa Waingereza. Watu walijenga juu ili anayekuja afike amechoka. Unapohema ukiupanda Domme, fahamu kwamba njia ile inafanya kazi ileile iliyokusudiwa. Hata hivyo haikufaulu siku zote, kwani mwaka 1588, katika vita vya dini, kapteni wa Kiprotestanti aitwaye Geoffroy de Vivans na watu wake wachache walilikwea jabali usiku, upande ambao haukujengewa ukuta kwa kudhaniwa kuwa haukweleki, kisha wakawafungulia milango wenzao waliokuwa nje. Ukifika, nenda ukasimame kwenye ukingo huo utazame chini, halafu uwahadithie wanafunzi wako.

Kwa sababu hiyo, nasaha yangu ya kwanza ni kwamba usipange safari kwa kilomita, bali uipange kwa mita za kupanda. Mwaka wangu wa kwanza nilipanga kilomita 90 kwa siku, hesabu niliyoizoea Unguja, ambako kutoka Mjini hadi Nungwi si kazi ya kutwa. Siku ya pili nilikuwa bado nasukuma baiskeli kwa mkono saa tatu za usiku, na kilichoniokoa ni kwamba mwezi wa Juni jua la huko huzama karibu saa nne. (Swala ya isha kwa hiyo inaelekea usiku wa manane, jambo la kulipangia mapema kwa mtu anayetaka kuamka na umande.) Siku hizi kipimo changu kwa mtu mwenye mizigo ni kilomita 40 hadi 50, na mita za kupanda zisizozidi 700 kwa siku. Nunua ramani ya karatasi ya Michelin, hata kama una simu. Juu ya barabara utaona vishale vidogo: kimoja ni mwinuko wa asilimia 5 hadi 9, viwili ni 9 hadi 13, na vitatu ni zaidi ya 13, na ncha yake inaelekea juu. Ukiona vitatu, tafuta njia nyingine, au ukubali mapema kwamba utasukuma. Chagua barabara ndogo zenye herufi D, ambazo mara nyingi magari yake ni ya wakulima tu.

Sasa Phoenix yako. Naiheshimu, lakini iache Wete. Hesabu meno yake. Ikiwa gurudumu la pedeli lina meno 44 na la nyuma lina 20, basi kila mzunguko mmoja wa pedeli unazungusha gurudumu mara mbili na kidogo, na baiskeli inasonga karibu mita tano. Kwa barabara ya tambarare hilo ni jambo zuri, lakini kwenye mwinuko wa asilimia 10 ukiwa na mizigo, miguu itazinyanyua mita tano hizo kwa dakika chache tu kisha magoti yaanze kulalamika. Baiskeli ya safari ya huko, yenye meno 24 mbele na 34 nyuma katika gia yake ndogo kabisa, inasonga mita moja na nusu tu kwa mzunguko. Utakwenda kwa mwendo wa mtu anayetembea, kuku watakupita, lakini utafika umekaa juu ya tandiko. Unapokodi, usiulize rangi wala jina la baiskeli, bali uliza meno ya gia ndogo na uombe keria madhubuti na mifuko ya pembeni.

Kisha kagua breki mwenyewe kabla ya kulipa. Nilikodi baiskeli katika duka moja ambalo sitalitaja, nikaridhika kwa kuwa iling'ara, na nilipokuwa nikiteremka kutoka ngome ya Beynac, kwa kichochoro cha mawe ambacho hata kwa miguu unakishuka kwa hadhari, nikasikia chuma kikisaga chuma. Raba za breki zilikuwa zimekwisha kabisa. Nilijitupa upande wa ukuta, nikabandua ngozi ya kiwiko, na sehemu iliyobaki nikaishuka kwa miguu nikiivuta baiskeli kama mbuzi asiyetaka kwenda mnadani. Kwenye mteremko mrefu usiing'ang'anie breki mfululizo: kamata, achia, kamata tena, ili rimu ipate kupoa. Hili ni somo ambalo vilima vyetu vifupi havitufundishi.

Mnaanzia wapi? Shukeni kwenye kituo cha treni cha Souillac, katika reli ya kutoka Paris kwenda Toulouse. Treni za mikoani, ziitwazo TER, mara nyingi hubeba baiskeli bila malipo, ila zile za mwendo wa kasi zinataka nafasi ya baiskeli iliyolipiwa mapema, au baiskeli iliyofunguliwa na kutiwa mfukoni. Karibu na Souillac inaanza njia ya baiskeli iliyojengwa juu ya tuta la reli ya zamani, inayokwenda Sarlat kwa zaidi ya kilomita 20. Treni haiwezi kupanda mwinuko mkali, kwa hiyo waliojenga reli walikata majabali na kujaza mabonde, na wewe leo unafaidika na jasho lao. Kila nikipita njia ile huikumbuka reli yetu ya Bububu ya mwanzoni mwa karne ya 20, nikajiuliza ingekuwaje kama tuta lake tungeliacha liwe njia ya baiskeli. Basi hiyo iwe siku yenu ya kwanza, ya kuizoesha miguu.

Sarlat mkae siku tatu bila kuhama, mzunguke bila mizigo. Mji wote ni wa mawe ya chokaa yenye rangi ya asali, na mapaa mengine yameezekwa kwa mawe bapa, ambayo uzito wake hufikia nusu tani kwa mita moja ya mraba, ndiyo maana yamesimama wima hivyo na boriti zake ni nene kama magogo ya jahazi. Anayetoka kwetu ataukumbuka Mji Mkongwe kwa vichochoro, na pia kwa jambo jingine: Sarlat nao ulikuwa unaanguka. Mwaka 1962 Ufaransa ilitunga sheria ya kuihifadhi mitaa ya kale kwa ujumla wake, badala ya jengo moja moja, na Sarlat ukawa miongoni mwa miji ya kwanza kutengenezwa chini ya sheria hiyo. Kutoka hapo, Domme, La Roque-Gageac na Beynac vyote ni vya kwenda na kurudi kwa siku. Huko La Roque-Gageac msipite haraka. Kijiji kimebanwa baina ya mto na jabali linaloelekea kusini, na jabali linalihifadhi joto la jua kiasi kwamba chini yake inaota migomba na mitende. Mpemba kukutana na mgomba Ufaransa si jambo la kila siku. Nilisimama nikaugusa mkungu wake mdogo wa kijani kama mtu aliyekutana na jirani ugenini.

Upande wa kaskazini, kiasi cha kilomita 25, uko mji wa Montignac na pango la Lascaux lenye michoro ya wanyama ya zamani sana, ipatayo miaka 17,000 au zaidi. Liligunduliwa na vijana wanne mwaka 1940, na likafungwa kwa umma mwaka 1963 kwa sababu pumzi za watalii zilikuwa zinaiharibu michoro. Mtakachoingia ni nakala kamili, iliyofunguliwa mwaka 2016. Wapo wanaosema nakala si kitu, mimi siafikiani nao: baada ya dakika tano utasahau. Wiki ya mwisho mnaweza kwenda mashariki hadi Rocamadour, mahali pa ziara ya Wakristo palipobandikwa ubavuni mwa korongo, ambapo kutoka kijijini hadi makanisani kuna ngazi 216. Baiskeli mziache juu, penye kijiji kidogo cha L'Hospitalet, ambapo pia ndipo patazamikapo vizuri zaidi asubuhi.

Kuhusu viza nitasema machache: mtaomba ya Schengen, kwa maombi yasiyotangulia safari kwa zaidi ya miezi sita, pamoja na bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Hakikisheni kwamba bima hiyo haikuiondoa baiskeli, kwa kuwa baadhi yake huiondoa kwa maandishi madogo. Na mkumbuke kwamba huko hupita kulia. Hatari si barabara kuu, bali ni asubuhi unapotoka kwenye uchochoro mtupu, hakuna gari la kukukumbusha, na mkono wenyewe unakupeleka kushoto.

SWALI: Mwanangu wa kike anasoma Toulouse na amenialika mwezi wa Septemba, tuzunguke vijiji kwa baiskeli siku kumi. Mimi hapa Jambiani hupanda baiskeli kila siku kwenda kwenye mwani, lakini nimeshafika miaka 54 na vilima sivijui. Amesema tutakodi baiskeli za umeme. Je, ni salama? Na je, mtu anayevaa buibui na mtandio atasumbuliwa? Chakula je?
Mama wa Jambiani

JIBU: Bi mkubwa, mwanao amekushauri vyema, na Septemba ni mwezi mzuri kupita yote, joto limeshapungua na watalii wa Agosti wamekwenda zao. Baiskeli ya umeme ya huko haikuendeshi yenyewe: unapiga pedeli nayo inakusaidia, na ikifika mwendo wa kilomita 25 kwa saa injini inanyamaza. Kilima cha Domme utakipanda huku unazungumza. Ina kasoro mbili. Ya kwanza ni uzito, unaokaribia kilo 25, kwa hiyo msipange kuzipandisha ngazi za kituo cha treni. Ya pili ni kwamba vilima hulila betri haraka kuliko karatasi ya duka inavyoahidi, basi anzeni kila kilima kwa msaada mdogo, mkiongeza pale tu magoti yanapoomba, na kila usiku betri ichajiwe chumbani.

Mtandio hautakuletea shida ya kisheria njiani. Kilichokatazwa Ufaransa, kwa sheria ya mwaka 2010, ni kuufunika uso mahali pa umma. Kofia ya kinga si lazima kwa mtu mzima, ila kwa mteremko wa kule mimi ningeivaa juu ya mtandio mwepesi uliobanwa vizuri. Buibui ndilo la kuogopwa, na wala si kwa ajili ya watu: pindo likiingia kwenye cheni au spoku wakati wa kuteremka, utaanguka. Vaa suruali pana na kanzu inayofika magotini, na uombe baiskeli yenye kifuniko cha cheni na fremu ya chini.

Chakula kinataka macho. Eneo lile ni la bata, na viazi vya kukaanga vya Sarlat, ambavyo kwa sura havina kosa lolote, hukaangwa kwa mafuta ya bata ambaye hakuchinjwa unavyotaka wewe. Mchuzi nao mara nyingi hutiwa mvinyo. Lakini kwa mkate wa asubuhi, mayai, samaki wa mtoni, jibini ndogo ya mbuzi ya Rocamadour, matunda, na jozi, zile kokwa zenye umbo kama ubongo ambazo bonde zima limezipanda, hamtalala na njaa. Nyama ya halali nunueni Toulouse kabla ya kuondoka. Zaidi ya hayo, zingatieni saa: maduka ya vijijini hufungwa kuanzia saa sita mchana kwa saa mbili au zaidi, Jumapili jioni usitarajie kitu, na Jumatatu mengi hayafunguliwi kabisa. Mwenye kupanda kilima Jumatatu bila mkate mfukoni amejitakia.

SWALI: Vijiji ni vya wazee. Mimi ni kijana wa Mjini Unguja, nataka kuupanda kwa baiskeli mlima wa Mont Ventoux, kusini-mashariki ya Ufaransa. Inawezekana kwa mtu aliyefanya mazoezi hapa tu?
Kijana wa Ng'ambo

JIBU: Inawezekana, lakini si kwa mazoezi ya kwenda Fumba na kurudi. Kutoka kijiji cha Bédoin ni kilomita 21, na unapanda karibu mita 1,600, wakati Unguja nzima haina kilima kinachofika mita 200. Kilomita za mwisho hazina mti, ni mawe meupe matupu na upepo, na mwaka 1967 mwendeshaji Mwingereza Tom Simpson alifia hapo wakati wa mashindano ya Tour de France, siku ya joto kali. Ukiazimia, pandia upande wa Sault, ambao ni mrefu zaidi lakini mpole, uanze alfajiri, ubebe koti la kuteremkia, na siku inayovuma mistral, ule upepo mkali wa kaskazini, ubaki kijijini. Utakuta hata vijana wanakaa na wazee.

SWALI: Maji ya kunywa yanapatikana wapi njiani?
Msomaji, Mkoani

JIBU: Makaburini. Usishtuke. Karibu kila kijiji cha Ufaransa kina uwanja wa makaburi uliozungushiwa ukuta, mara nyingi pembezoni, na ndani yake karibu na mlango mna bomba la maji ya kumwagilia maua. Wapanda baiskeli wote wa huko wanalijua. Mara ya kwanza nilisita nje nikiwa na chupa tupu mkononi, nikaona haya kama mwizi, hadi bibi mmoja aliyekuwa akisafisha kaburi aliponiita kwa ishara na kunifungulia bomba yeye mwenyewe. Soma kibao: maneno “eau potable” maana yake ni maji ya kunywa, na yakitanguliwa na “non” usinywe, tia kichwani tu. Na ukitoka, rudishia komeo la geti kama ulivyolikuta.